Baba yake alipewa medali ya ushujaa akiwa polisi, vitani akaenda kuwa MP (polisi jeshi), shemeji yake akagoma kula naye meza moja. Kwa nini?

Kapera wa Leeds

Wakuu habari za usiku. Huku ni saa sita kasoro, nimetoka shifti sasa hivi miguu inawaka moto ila hili jambo lisiponitoka kichwani silali. Nafanya kea huku Uingereza, kuhudumia wazee majumbani kwao, ndio maboksi yenyewe hayo mnayoyasikia. Kati ya wazee wangu kuna bibi mmoja ana miaka 92, magoti yamegoma lakini kichwa kizima kabisa, ukipunguza sukari kwenye chai leo kesho anakukumbusha.

Kwenye korido kwake kuna fremu ya kioo ina medali nne na picha ya baba yake. Mwaka mzima napita hapo na ndoo sijawahi kusimama. Wiki iliyopita akaniambia niishushe niifute vumbi, basi nikakaa nayo pembeni ya kitanda tukawa tunaitazama wote. Ya kwanza ni ya fedha, upande mmoja sura ya mfalme, upande wa pili mtu kasimama na upanga na ngao, utepe wake wa bluu iliyoiva una mstari wa rangi ya fedha kila pembeni. Hiyo bibi anaijua habari yake. Baba yake alikuwa konstebo wa polisi wa mji, akapewa kabla ya vita kwa sababu alimdaka farasi aliyekurupuka na mkokoteni wa makaa ya mawe kwenye mteremko, saa watoto wanatoka shule, akaburuzwa mpaka mkono ukavunjika lakini hatamu hakuziachia. Tatu zilizobaki ni za Vita Kuu ya Kwanza, moja nyota ya shaba na mbili za duara. Nyuma ya nyota pamechongwa namba inayoanza na herufi P, halafu L.CPL., halafu jina, halafu M.M.P. Zile za duara zimeandikwa ukingoni, namba ileile na M.M.P. ileile ila hapo kwenye cheo ni SJT. Kwenye picha kapanda farasi, mkononi kavaa kitambaa kimeandikwa M.P.

Sasa kilichonikaa ni hiki. Nikamwambia bibi, baba yako shujaa mara mbili, mjini shujaa na vitani shujaa. Akacheka kidogo, akasema kwao vita ilikuwa haitajwi. Mjomba wake, kaka wa mama yake, alikuwa askari wa miguu kwenye mahandaki, na alikuwa akija Krismasi akimkuta shemeji yake mezani anachukua sahani yake anaenda kulia jikoni, amesimama. Kila mwaka. Bibi akiwa mdogo akamuuliza mjomba kulikoni, akajibiwa "muulize baba yako alisimama wapi sisi tulipokuwa tunakwenda." Akaenda kumuuliza baba, baba akanyanyuka akaenda kuangalia kuku. Baba amekufa bibi akiwa na miaka 19, hajafungua mdomo.

Kwa hiyo wakuu, hiyo M.M.P. ni nini, polisi wa mtaani anageukaje kuwa askari wa namna hiyo, na mtu aliyepewa medali na mfalme anachukiwaje na shemeji yake mpaka sahani ihamie jikoni? Jina siweki, bibi amekataa na mimi naona ni haki yake. Majibu nitamsomea kwa Kiingereza changu cha kuungaunga.


chuma_ulete

Mkuu hiyo ya fedha ni hela hiyo. Mwambie bibi akukumbuke kwenye wosia 😂 sokoni inakwenda bei gani?


Mzee Kipepeo

chuma_ulete wewe utakuja kufungwa nchi za watu. Kea anayeulizia bei ya vitu vya mzee wake kazi ndio kwaheri, na asirudi.

Kapera, umefika penyewe. Mimi ni mgonjwa wa medali tangu miaka ya tisini, nilianza na za askari wa KAR, lile jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, nilizozikuta kwa fundi vyuma mmoja hapa Kariakoo akiwa ameshawasha jiko aziyeyushe atengenezee mikufu. Kwa hiyo ukingo wa medali kwangu ni kama gazeti.

Hiyo ya kwanza ni Medali ya Polisi ya Mfalme. Ilianzishwa 1909, mwaka uleule ambao mwanzoni mwake kulitokea uporaji Tottenham, London, majambazi wawili wakakimbizwa na polisi maili kadhaa huku wanafyatua risasi njia nzima, konstebo mmoja na mtoto mmoja wakafa. Kwenye ile ngao nyuma ya medali pameandikwa maneno yenye maana ya "kuwalinda watu wangu", kamulike tochi ya simu utayaona. Na hiyo habari ya farasi wala usifikirie bibi anaongeza chumvi. Ukisoma orodha za zamani za medali ile, kudaka farasi waliokurupuka ni kazi imejaa tele. Wakati ule mji mzima unaendeshwa na farasi, maziwa farasi, makaa farasi, zimamoto farasi, sasa mmoja akishtuka kwenye mteremko na tani ya mzigo nyuma yake ni kama fuso limekata breki Kitonga. Halafu huo utepe, kama katikati hauna mstari wa fedha basi ni wa mwanzo kabisa, mstari wa kati waliuongeza 1916. Usiruhusu mtu aubadilishe eti umechakaa.

Tuje kwenye M.M.P. Ni Military Mounted Police, yaani polisi jeshi wa farasi. Walianza kama kikosi cha kudumu 1877, na wenzao wa miguu, M.F.P., wakafuata 1885. Vikosi viwili hivi vilikuja kuunganishwa 1926. Hiyo P mbele ya namba ni alama yao. SJT. ni sajini, ndivyo walivyokuwa wakiandika zamani.

Sasa angalia hii. Nyota yake, kama ndani yake katikati imeandikwa 1914-15, ina maana alitia mguu kwenye uwanja wa vita kabla 1915 haijaisha. Na nyota huwa inachongwa kikosi alichokuwa nacho mtu siku alipofika mara ya kwanza. Kwa hiyo huyu mzee hakuanzia kwenye mahandaki akahamishwa, alitoka kwenye upolisi wa mji akaenda moja kwa moja kuwa polisi wa jeshi. Mjomba mtu nadhani alikuwa analijua hilo na ndio lilikuwa linamuuma. Na usije ukaona L.CPL., yaani koplo usu, ukadhani alipandishwa haraka kwa ajili ya ile medali yake, MMP na MFP walikuwa hawana praiveti (askari asiye na cheo) kabisa. Ukiingia leo, leo hiihii unavaa kijitepe cha koplo usu, kwa sababu utamkamataje mtu mna cheo kimoja? Usajini ndio wa kwake, ule kaupata kazini, zile mbili za duara ndio zinaonyesha cheo alichofikia.

Kwa nini walichukua polisi? Hesabu tu. Vita inaanza Agosti 1914 polisi jeshi wote wa Uingereza ukijumlisha na wa akiba walioitwa ni 761 na maafisa 3. Inaisha 1918 wamepita 13,000. Hao wengine watoke wapi? Mtu aliyezoea kusimama barabarani usiku, anajua kuandika ripoti, anajua kumshika mlevi bila kumuua, na huyu wa kwenu farasi anawaweza, unamwacha? Ila polisi hakuwa anajiondokea tu akajiandikishe, ilikuwa lazima mkuu wake wa polisi amruhusu, maana mji nao unataka kulindwa.


Sajini Mstaafu

Nimevaa kombati miaka 24 kwa hiyo hapo kwenye chuki nijibu mimi. MP hapendwi popote duniani. Umetoka likizo basi limeharibika njiani umechelewa nusu saa, yeye kakaa getini kapiga pasi mpaka mkunjo unakata, anakuangalia kama mwizi wa kuku. Anakwambia simama, funga kifungo, toa kibali. Na wewe umetoka porini wiki sita hujaoga. Unamchukia kwanza halafu ndio unaitika "ndiyo afande".

Mzee wangu alikuwa polisi, 1978 Nduli Amin alipoingia Kagera wakachukuliwa polisi, magereza, JKT, mgambo, wote wakaungana na JWTZ. Yeye hakupelekwa mbele, aliwekwa barabarani nyuma, kuongoza magari na kulinda vitu visibebwe. Alirudi mzima, na mpaka anakufa akikutana na waliokwenda mbele wanamtania "wewe ulipigana na malori". Anacheka lakini nyumbani analala mapema. Hakuwahi kutamba na vita yake hata siku moja.

Ila kwa hao Waingereza kuna la zaidi, nimesikia MP walikuwa wanasimama nyuma ya mahandaki na bastola, wewe ukigoma kutoka wanakumaliza palepale. Kama ni hivyo mjomba ana haki hata ya kula chooni.


Mtoto wa Makindye

Mzee Sajini hiyo ya MP kutopendwa sisi Uganda msituambie. Miaka ya Amin polisi jeshi walipewa kwa amri ya 1971 nguvu ya kukamata raia yeyote, makao yao yalikuwa Makindye, na mtu akipelekwa Makindye jirani walikuwa wanaanza kuongea kwa kunong'ona. Mama yangu mpaka leo akiona jipu la jeshi limesimama nje anazima redio, hajui hata anazima kwa nini. Sisemi baba wa huyo bibi alikuwa hivyo. Nasema tu kile kitambaa cha mkononi mtu anakiona kabla hajauona uso.


Bi Nyamvula

Shikamoo mzee Sajini, naomba nikurekebishe hapo mwisho kwa heshima zote, mimi nafundisha historia hapa Tanga na hilo swali huwa naulizwa na watoto kila mwaka.

Hiyo ya MP kuwapiga watu risasi mgongoni ili watoke kwenye handaki ni hadithi iliyosambaa sana lakini ushahidi wake ni mwembamba kama karatasi. Kilichokuwepo ni vituo vyao nyuma ya mstari wakati wa mapambano. Mtu anakuja peke yake anatoka mbele, wanamsimamisha. Umejeruhiwa? Pita kule kwa madaktari. Una barua? Pita. Umepotea, kombania yako huijui iko wapi? Kaa hapa, kunywa chai, mkifika kumi mnarudishwa. Huna jeraha, huna barua, bunduki umetupa? Huyo anaandikwa jina. Na jina likishaandikwa linaweza kufika mahakama ya kijeshi, ya huko hukumu yake inaweza kuwa kifo. Wanajeshi 306 wa Uingereza na makoloni yake walipigwa risasi kwa utoro, woga na makosa ya namna hiyo, na hao ndio waliopewa msamaha 2006, miaka karibu tisini baadaye. Ukiweka na wa mauaji na wa uasi wanafika 346.

Na hata hapo, waliofyatua bunduki kwa kawaida walikuwa wenzake wa kikosi chake mwenyewe, wamechaguliwa asubuhi ile. Kazi ya MP ilikuwa kumlinda usiku, kumleta, kumfunga kwenye nguzo. Sijui ipi ni mbaya zaidi, kwa kweli sijui. Halafu kulikuwa na ile adhabu ya vitani namba moja, mtu anafungwa kwenye gurudumu la mzinga au kwenye nguzo hadi saa mbili kwa siku, wenzake wanapita wanamwona, kwa kosa la ulevi au kumjibu afisa. Waliokuwa wakiisimamia ni hao hao. Ilifutwa 1923. Mimi kama ni mjomba wa bibi na nimewahi kufungwa kwenye gurudumu hata siku moja, au rafiki yangu kafungwa, hiyo sahani ningeipeleka jikoni mimi mwenyewe na ningesusa na pudini.

Lakini kuna upande ambao mjomba hakuuona kwa sababu alikuwa anapita mbio. Nje ya mji wa Ypres, Ubelgiji, kwenye barabara ya Menin, kulikuwa na makutano ambayo askari waliyaita Kona ya Moto wa Jehanamu. Mizinga ya Wajerumani ilikuwa imeshapalenga, wanapapiga usiku na mchana, mpaka kando ya barabara yakatundikwa magunia marefu ili wasione kinachopita. Kila mtu akifika pale anachomoka, madereva wanakanyaga, farasi wanapigwa mijeledi. Mtu mmoja tu haruhusiwi kukimbia, MP anayeongoza magari. Yeye kasimama katikati, anasema wewe pita, wewe subiri. Zamu nzima.

Nikisoma habari ya huyu baba naona kazi yake haikubadilika hata kidogo. Mjini alisimama katikati ya njia akazuia kinachokimbia, wakampa medali. Ubelgiji akasimama katikati ya njia akazuia wanaokimbia, wakamhamishia sahani.


Mzee Kipepeo

Bi Nyamvula ahsante, hapo nimekaa kimya kidogo.

Niongeze moja kwa Sajini maana naona hadithi ya bastola imetoka mahali. Septemba 1917 kwenye kambi kubwa ya Étaples, pwani ya kaskazini ya Ufaransa, kulikuwa na mazoezi ya kikatili, hata waliokwishapigana miaka miwili wakirudi hospitali wanakimbizwa mchangani kama kuruta. Tarehe 9 MP wakamkamata mwanajeshi mmoja wa New Zealand, umati ukajaa darajani kumtetea hata baada ya kuachiwa, na katika purukushani askari wa ulinzi akafyatua bastola, akamuua Koplo William Wood wa Gordon Highlanders na kumjeruhi mama mmoja Mfaransa. Ikawaka. Siku kadhaa kofia nyekundu, ndio hao MP, zilikuwa zinakimbizwa mitaani, ukionekana nayo umekwisha. Mwisho wake koplo mwingine, Jesse Short, akapigwa risasi Oktoba 4 kwa kosa la uasi.

Sasa huyo aliyefyatua anaitwa Harry Reeve, alikuwa bondia, bingwa wa Uingereza wa uzito wa juu mwepesi mwaka mmoja kabla, na cheo chake kilikuwa praiveti. Mnakumbuka nilichosema? MMP na MFP hawakuwa na praiveti. Reeve alikuwa polisi wa kambi tu, mtu kaazimwa kutoka kikosi kingine akapewa kitambaa cha mkononi na bastola bila mafunzo ya maana. Lakini kwa askari wa kawaida kitambaa ni kitambaa. Lawama ilikwenda kwa kofia nyekundu wote, akiwemo na sajini wetu wa makaa ya mawe popote alipokuwa.


chuma_ulete

Naombeni radhi kwa lile la wosia. Ila bondia kupewa bastola alinde walevi ni wazo la nani?


Mzee Kipepeo

La afisa aliyekosa watu. Umesamehewa.


Kapera wa Leeds

Wakuu nimerudi. Leo nilikuwa na zamu ndefu kwake, baada ya chakula cha mchana nikamsomea yote, nikaruka tu la wosia na la chooni. Ilichukua kama saa nzima kwa sababu kila mara ananisimamisha, "rudia hapo."

Nimethibitisha, nyota imeandikwa 1914-15. Na maneno kwenye ngao yapo, tulitumia tochi na miwani yake miwili kwa pamoja.

Aliponyamaza kabisa ni kwenye Kona ya Jehanamu. Halafu akasema baba yake alikuwa na tabia moja, wakivuka barabara mjini alikuwa hakimbii hata gari likipiga honi vipi, anamshika mkono anavuka kwa mwendo wa kanisani, mama yake anapiga kelele kutoka upande wa pili. Walidhani ni upolisi. Kuhusu kufunga watu kwenye gurudumu hakusema kitu, aliniomba nifunge dirisha.

Maswali mawili. Kuna namna ya kujua alikuwa wapi hasa, alisimama hapo Ypres au kwingine? Na la pili ni la kwake mwenyewe, na ndilo alilolisisitiza kuliko yote, anauliza yule farasi wa kwenye picha alikuwa wa baba yake, alikuwa na jina, na vita ilipoisha alikwenda wapi.


Bi Nyamvula

Huyo bibi nampenda bure.

Nilisahau kitu, Kapera, mwambie polisi kugeuzwa jeshi hakukuwa kwao tu. Huku kwetu Wajerumani mwaka uleule 1914 walikuwa na askari polisi Waafrika zaidi ya 2,000 kando ya jeshi lenyewe, kamanda wao von Lettow-Vorbeck akawaingiza humohumo Schutztruppe, yaani jeshi lao la koloni. Mtu aliyekuwa Agosti analinda soko na kusimamia kodi, Novemba anajikuta na bunduki kwenye mikarafuu... samahani, kwenye mikonge ya hapa Tanga, anasubiri Wahindi wa jeshi la Uingereza watoke kwenye maboti. Vita ya Tanga walishinda wao. Hao hakuna aliyewachongea jina ukingoni mwa chochote, sasa hivi ukiuliza majina yao hapa mjini hupati hata moja.


Sajini Mstaafu

Mwalimu nimekubali marekebisho, marahaba. Nimempigia dada yangu nikamuuliza kama kitambaa cha mkononi cha mzee bado kipo, anasema aliufungia mlango wa kuku.


Mzee Kipepeo

Haya Kapera. La kwanza. Faili lake la utumishi usilitegemee sana, faili nyingi za askari wa vita ile ziliungua London Septemba 1940 Wajerumani walipodondosha mabomu, zaidi ya nusu zilikwenda, zilizopona nyingine zina kingo za mkaa mpaka leo. Lakini kadi ya medali ipo, kila mtu ana kadi yake na zimewekwa mtandaoni, na kwa kuwa ana nyota, kwenye kadi watakuwa wameandika na tarehe aliyofika na ni uwanja gani, Ufaransa au Misri au kwingine. Anza hapo. Ukijua alikuwa chini ya divisheni gani, Kumbukumbu za Taifa kule Kew zina daftari za kila siku za maofisa wakuu wa polisi jeshi, wanaandika leo tumeweka kituo njia panda fulani, leo wamekamatwa wangapi, leo amejeruhiwa nani. Majina ya walio chini hayajitokezi mara nyingi, lakini njia panda utaipata. Na ile medali ya polisi iko kwenye Gazeti la Serikali la London, orodha zilikuwa zinatoka Januari, tafuta jina lake miaka ya kabla ya vita. Kuipata ile orodha hulipi hata senti.

La farasi. Hakuwa wake. Farasi wa jeshi ni mali ya mfalme, alikuwa anapigwa chapa ya mshale na namba inachomwa kwenye kwato, kwa hiyo kwenye karatasi hana jina, ana namba tu. Jina ni lile anayempanda alilomwita mwenyewe, na hilo amekufa nalo. Vita ilipoisha wachache ndio waliorudishwa Uingereza. Wengi waliuzwa hukohuko Ufaransa na Ubelgiji, wengine kwa wakulima, wengine kwa mabucha.


Kapera wa Leeds

Ahsanteni sana wakuu, Mungu awabariki. Kadi nitaitafuta kesho nikiwa off, na lile Gazeti nimeshaanza, nimefika 1911 bado sijamwona.

La farasi nimeshamjibu leo jioni wakati namwekea soksi. Nimemwambia wakulima. La bucha nimeliacha.